Mtu wa Chini ya Msumeno

Mmeniuliza mara nyingi, nyinyi wa laini ya tatu, kwa nini Jumatatu ile ya kufunguliwa kiwanda sikuonekana kwenye foleni ya kuitwa majina. Wengine mlisema nimefungwa, wengine mkasema nimeoa. Kusema kweli sikudhani kuna mtu angeuliza. Nikianza kuwaeleza kwa mdomo mnanikatiza, na mimi nikiulizwa swali napotea njia. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Niliacha shule darasa la nne, na kwa kazi hii linatosha.

Thika hadi Murera

Mnajua jinsi laini zetu za nyumba zinavyokuwa wakati wa livu. Mashine za mkonge zilifungwa wiki mbili zitengenezwe, na kila mtu akaenda kwao. Wa Murang'a mliondoka siku ya kwanza na sukari na mablanketi mapya. Wakamba wakafuata siku ya pili. Mimi nilibaki. Kwetu Taita mama alishafariki, na nyumbani anakaa mjomba wangu, ambaye tukikutana tunaulizana habari za mvua, kisha tunanyamaza.

Siku kumi nilipika, nikala, nikaosha sufuria moja. Siku ya tisa nilijikuta nimesimama mbele ya mlango wa jirani yangu Otieno napiga hodi, na huku najua vizuri Otieno yuko Kisumu. Nilisubiri kidogo kabla ya kuondoka, kama mtu ambaye huenda akajibiwa.

Asubuhi ya Jumatano niliamka, nikafunga blanketi kwa kamba, nikatia daftari na penseli mfukoni, nikatoka. Sikuwa na mpango. Nilipofika relini niliona watu wawili wakielekea upande wa juu, wanaongea na kucheka. Nikageuka upande wa chini, nisije nikawafuata nyuma kama mbwa. Hivyo ndivyo nilivyochagua njia.

Nilitembea juu ya mataruma ya reli mpaka miguu ikazoea hatua zake. Mkonge ulikuwa mkono wa kushoto, umepangwa kama watu kwenye gwaride. Karibu na Murera nilikuta gari la moshi la mizigo limesimama. Bomba moja la maji lilikuwa limepasuka, dereva amelala chini ya gari na spana, na mchochea moto amekaa kwenye ngazi anangoja kuambiwa la kufanya. Alikuwa Mjaluo mrefu, uso mweusi kwa makaa, macho mekundu. Nilimsalimu, nikamwuliza anajuaje kama maji kwenye tangi yanatosha. Akanionyesha kioo chenye maji ndani yake. Nikamwuliza makaa yanatoka wapi, na kwa nini moshi mara mweusi mara mweupe. Alijibu yote. Nafikiri kwa siku nyingi hakuna aliyemwuliza habari za kazi yake ila kumwambia aongeze moto.

Alikuwa na viazi vitamu. Aliviweka juu ya koleo lake, akaliingiza kwenye tanuri, na muda mfupi tu tukawa tunakula, tunapulizia vidole. Aliniambia mke wake amejifungua na yeye bado hajamwona mtoto, kwa sababu kila akipewa siku za kupumzika gari jingine linakosa mtu. Tulikaa zaidi ya saa mbili. Halafu dereva akatoka chini ya gari, filimbi ikalia, na yule mtu akainuka kwenda kwenye moto wake. Alinipungia mkono mara moja. Mabehewa yalipita mbele yangu yote, moja moja, na mlio ulipokwisha niligundua sikumwuliza jina.

Ruiru

Ruiru niliingia alasiri. Kwenye shamba moja la kahawa wachumaji walikuwa wamepanga foleni na madebe yao wakingoja kupimiwa, na nyuma yao mashine ya kumenya kahawa inanguruma, maji mekundu yanatiririka. Nilisogea nikaitazama. Nilitaka kujua jinsi inavyotoa ganda bila kuponda punje. Nikatoa daftari, nikaichora. Mwanamke mmoja akaniuliza ninaandika nini, nikamwambia naandika tu. Niliuliza wangapi wanafanya kazi hapo na wanalala wapi. Nikaandika na hilo.

Nilipoinua macho, foleni ilikuwa imepungua nusu.

Sikuelewa mpaka nilipoingia hotelini kwa Mama Nyambura, nyumba ya mabati kando ya barabara yenye benchi mbili na jiko moja. Niliagiza githeri na chai. Nilikaa katikati ya benchi, na watu waliokuwa upande wangu wa kulia wakainuka na vikombe vyao, kisha wa kushoto nao wakaondoka. Nikabaki na benchi nzima.

Mama Nyambura alikuja mwenyewe na sahani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, na hakuketi.

"Kijana, watu wanasema wewe ni mtu wa serikali. Umekuja kuandika wale wanaoishi mashambani bila ruhusa."

Nikamwonyesha daftari: mashine ya kahawa, kioo cha maji cha gari la moshi, na mguu wa panzi niliouchora Jumanne. Alipindua kurasa polepole.

"Hizi unampelekea nani?"

"Hakuna. Napenda kujua tu, mama."

"Ukijua unafanya nini?"

"Basi. Nimejua."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa. "Heri ungekuwa wa serikali," akasema. "Huyo tungejua anataka nini."

Lakini alinipa nafasi kwenye stoo ya kuni, na asubuhi uji wa wimbi. Nilisikia akiwaeleza wateja kwa Kikuyu, na wakacheka sana, lakini hakuna aliyerudi kukaa benchi yangu. Nilipokuwa nafunga blanketi aliniambia kama nataka kutazama vitu bila kuogopesha watu, niende msituni, huko hakuna wa kumwandika. Alikuwa anatania. Nami sikuwa na wazo bora kuliko hilo.

Msituni

Nilikatiza mashamba ya kahawa upande wa Kiambu, nikavuka mito miwili, na alasiri ya Alhamisi nikaingia msitu wa Karura. Nyinyi mmezoea miti. Mimi nilikulia kwenye mlima wenye msitu wake, na tangu niuache sijawahi kusimama tena mahali ambapo jua linafika chini vipande vipande. Harufu ilikuwa ya majani yaliyooza na ya maji. Nilifurahi kwa muda wa saa moja. Baadaye ukimya ukaanza kunielemea. Nilisema kwa sauti, "Huu ni mti gani?" ili nisikie mtu akisema, na sauti yangu ikanitia aibu.

Ndipo nikasikia msumeno.

Wapasua mbao nimewahi kuwasikia Taita, na mlio wao ni wa watu wawili, juu, chini, juu, chini, unaweza kulala usingizi ukiusikiliza. Huu haukuwa hivyo. Ulikwenda mara mbili, ukakwama, ukanyamaza, mtu akashusha pumzi, ukaanza tena. Nikafuata.

Kwenye uwazi mdogo palikuwa na shimo refu lenye kina cha mtu aliyesimama, na juu yake gogo limelazwa kwenye nguzo. Mzee mmoja alisimama juu ya gogo, ameshika mkono wa msumeno mkubwa ulioshuka mpaka shimoni. Shimoni hapakuwa na mtu. Kwenye mkono wa chini wa msumeno alikuwa amefunga jiwe.

Aliniona, hakushtuka. Alishuka, akaniamkua, akanipa maji kwenye kibuyu. Jina lake Karanja. Nikamwuliza kama jiwe linafaa.

"Linavuta," alisema, "lakini haliangalii linakokwenda."

Mambo yake alinieleza kwa kifupi. Amepasua mbao katika msitu huo miaka kumi na tano na mwenzake Mwangi, aliyetahiriwa naye siku moja, mtoni, wakiwa wamesimama bega kwa bega. Mwangi alikuwa mtu wa chini siku zote. Mwezi uliopita walikorofishana, Mwangi akachukua koti lake akaenda Nairobi. Sasa magogo manne ya muhugu yalikuwa yamekatwa yanangoja, lori la kubeba mbao lingekuja Jumanne, na msimamizi wa msitu alikwisha sema kwamba shimo lisilotoa mbao lori likija litapewa watu wengine. Karanja hakuwa na shamba. Shimo lile ndilo lililokuwa mahali pake duniani.

Nilimwambia nina siku mbili za bure.

Ijumaa asubuhi nilishuka shimoni. Alinifunga kitambaa kichwani, akapiga mstari kwa uzi uliochovywa kwenye maji ya makaa, juu ya gogo na chini yake, akaniambia nifuate mstari wa chini. Tukaanza. Unga wa mbao ulinyesha machoni, shingoni, mdomoni. Muhugu una harufu tamu kama ya manukato ya akina mama wa pwani, lakini machoni ni pilipili. Hata hivyo baada ya muda msumeno ukapata mwendo, na nikasikia ule mlio niliokuwa nikiusikia utotoni, na safari hii nilikuwa mmoja wa wanaoutoa. Siwezi kuwaeleza vizuri. Nilikuwa sijasema neno saa nzima, na sikujiona peke yangu.

Kosa langu lilitokana na huruma. Nilimsikia mzee akihema huko juu kila anapoinua msumeno, nami nina mabega ya kubeba mkonge. Nikaona nimsaidie. Kila alipovuta juu, nikausukuma msumeno kwa chini.

Ulitetemeka, ukapinda, ukaacha mstari. Karanja alisimamisha kazi. Alishuka, akaingia shimoni, akapitisha kidole kwenye mkato mpaka mahali ulipoanza kwenda upande. Ubao ule ulikuwa umeharibika, mnene huku, mwembamba kule.

"Umenisukumia?"

"Nilikuwa nakusaidia, mzee."

"Usinisaidie. Wewe vuta chini, mimi nivute juu. Kila mtu avute kwake. Ukisukuma, msumeno unakosa wa kumfuata."

Nilidhani atakasirika, lakini alibaki ameshika ule ubao. Akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba miezi ya mwisho Mwangi alikuwa anasukuma pia. Fundi wa miaka kumi na tano, anasukuma kama mtoto, na mbao zinatoka zimepinda. Karanja alimwuliza, Mwangi hakujibu. Siku moja, mbele ya askari wa msitu, Karanja akamwambia amekuwa mlevi.

"Hanywi," alisema. "Nilijua hanywi. Nilisema kwa sababu hakutaka kunijibu."

Tulifanya kazi mpaka jua likapungua, tukamaliza gogo moja bila kuharibu ubao mwingine. Tulikula viazi na maharagwe. Alinitazama mikono iliyotoka malengelenge, akasema nina mgongo mzuri. Nilijua maana yake: nibaki. Nikamjibu kwamba Jumatatu naitwa jina Thika. Akatikisa kichwa kukubali, na hakurudia neno hilo.

Badala yake aliniomba nipitie Pumwani, mjini Nairobi. Alisikia Mwangi yuko huko. Nimwambie mambo mawili: kwamba Karanja alijua hanywi na alikosea kusema, na kwamba lori ni Jumanne.

Mjini

Jumamosi nilitoka msituni upande wa Muthaiga, kwenye lami. Nilipita nyumba zenye nyua za maua na mbwa wanaobweka nyuma yake, sikuona mtu hata mmoja ila mpishi mwenye kanzu nyeupe anayemwogesha farasi, na hata sasa sijui kwa nini kazi hiyo ilikuwa ya mpishi. Halafu barabara ikashuka na mji ukaanza.

Nilifanya ujinga wa mtu wa mashambani. Nilimsalimu kila niliyepishana naye. Kumi wa kwanza wakanitazama, wengine wakaongeza mwendo, mmoja akashika mfuko wake. Mpaka nafika madukani koo limekauka na sijajibiwa. Nilisimama kwenye dirisha la duka la saa. Zilikuwa nyingi ukutani, na hakuna mbili zilizopatana. Nilitamani kumwuliza mtu kwa nini, lakini watu walikuwa wananipita pande zote mbili kama maji yanavyopita nguzo ya daraja. Msituni nilikuwa mpweke kwa kukosa watu. Pale nilikuwa mpweke na watu wananikanyaga.

Pumwani kuna akina Mwangi wengi mno. Wa kwanza aliuza makaa. Wa pili alikuwa kijana wa kanisani aliyetaka kunipa karatasi nisome. Wa tatu alijifungia ndani, na kupitia mlangoni akaniambia nimwambie mke wake atakuja Pasaka. Ilinichukua muda kumshawishi kwamba sikutumwa na mke wake, na hata hivyo hakufungua. Nilikuwa nimekata tamaa nilipofika kwa mafundi wa vitanda karibu na mto. Nikamwuliza mmoja kama anamjua Mwangi mpasua mbao.

"Yule anayepapasa?" akasema, na akanionyesha nyumba kwa randa yake.

Ilikuwa nyumba ya udongo yenye ua katikati na vyumba sita, ya mama mmoja Mwislamu anayeitwa Bi Zuhura. Alikuwa mlangoni anachambua mchele. Nikamwomba chumba, akasema vimejaa vyote, Jumamosi mjini mtu hapati hata pa kuegemea. Nikamwulizia Mwangi. Akaelekeza kidevu uani.

Mwanamume wa rika la Karanja alikuwa anafagia. Alifagia kwa mistari, kutoka ukutani hadi mferejini, akifika mwisho anasogea hatua moja na kuanza upya. Fagio lilipogusa kiatu changu alisimama. Hakuinua uso kunitazama. Alinusa.

"Wewe umetoka shimoni," alisema. "Hiyo ni muhugu."

Nilimpa ujumbe wote palepale, nikiogopa kusahau. Kwamba Karanja alijua hanywi. Kwamba alikosea kusema. Kwamba lori ni Jumanne. Alitafuta stuli kwa mguu, akaketi, fagio kwenye magoti. Nikayaona macho yake karibu. Yalikuwa na ukungu mweupe, la kushoto zaidi kuliko la kulia.

"Nani yuko chini sasa?" akauliza.

"Jana nilikuwa mimi. Kabla yangu, jiwe."

"Jiwe?"

"Amelifunga kwa kamba kwenye mkono wa msumeno."

Alicheka mpaka fagio likaanguka. Bi Zuhura akainua kichwa kwenye mchele wake, na nadhani hakuwahi kumsikia akicheka. Kisha Mwangi akajifuta uso, na aliendelea kujifuta muda mrefu baada ya kicheko kuisha.

Nilimwuliza kwa nini alikuwa akisukuma.

"Mstari ulinipotea," alisema. "Mwanzoni niliusoma kwa kidole. Baadaye na kidole kikadanganya. Ukiwa chini huoni kitu, unasukuma kidogo tu, kumwuliza aliye juu: uko wapi?"

"Mbona hukumwambia ni macho?"

"Karanja angesema nikae kando ya moto, yeye atafute mtu wa tatu, na chakula cha wawili tule watatu mpaka nife. Mimi namjua. Afadhali aniite mlevi."

Alipapasa chini, akaokota fagio. Nilidhani tumemaliza, nikainua blanketi langu nitafute pa kulala penginepo. Lakini aliniuliza gogo la jana lilitoka mbao ngapi nzuri, nikamwambia. Akauliza nilisimama wapi, nikamwonyesha, yaani nilisimama mbele yake naye akanishika vifundo vya miguu, akasogeza wa kulia nyuma. Akasema Karanja huelekea kushoto akichoka, kwa hiyo baada ya saa sita nivute nikiegemea kulia kidogo, na nisimwambie, kwa sababu anaamini ananyoosha. Akasema nitazame mstari kwa jicho moja, nibadilishe na jingine. Akasema ya macho yake nimwambie Karanja polepole, wakati wa kula, si juu ya gogo.

"Mzee, Jumatatu naitwa jina Thika," nikasema.

"Anayeita nani?"

"Nyapara."

"Usipoitika?"

Nilifikiri. "Ataita linalofuata."

Mwangi aliinuka, akahesabu hatua mpaka mlango wa chumba chake, wa mwisho karibu na choo, akanishikia pazia. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja cha kamba na ndoo. Jua lilikuwa halijazama. Lilipita kwenye tundu la ukuta likaangukia mto wa kulalia. Bi Zuhura akapaza sauti kwamba chumba hicho ni cha mtu mmoja, naye Mwangi akamjibu kwamba usiku huu ni cha wawili na kesho kitarudi kuwa cha mmoja.

Nilitandika blanketi langu. Alilala upande wake, akajivuta mpaka mgongo ukagusa ukuta, nafasi ikabaki ya mtu mwembamba. Nikaingia.

Nikamwuliza Mwangi, Jumatatu Karanja huanza kazi saa ngapi.